Hempu: Mbegu, Mazingira na Mkono wa Mkulima (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Hempu ni bangi ya viwandani. Hulimwa kwa ajili ya nyuzi za mabua yake na kwa ajili ya mbegu zinazoliwa au kukamuliwa mafuta. Majibu haya yanaeleza kwa nini shamba moja hutoa nyuzi ndefu zenye rangi ya fedha na shamba la jirani yake likatoa takataka nyeusi, ingawa wote wawili walipanda wiki moja. Mifano mingi inatoka Ufaransa, Kanada na Marekani, kwa kuwa huko zao hili hulimwa kwa leseni kwenye mashamba makubwa. Vipimo vyetu ni kwa hekta, na hekta moja ni karibu eka mbili na nusu.

Hempu na bangi ya kuvuta ni mimea miwili tofauti?

Hapana. Yote ni Cannabis sativa, na ukiweka chavua ya mmoja kwenye ua la mwingine mbegu zitaota vizuri tu. Kinachowatenganisha ni uteuzi wa vizazi vingi na mstari uliochorwa na sheria. Mstari huo hupimwa kwa THC, kemikali inayolevya. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.2, ukakipandisha hadi 0.3 kuanzia mwaka 2023. Marekani (kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2018) na Kanada nazo zinatumia 0.3. Uswisi inaruhusu hadi asilimia 1.

Hiyo 0.3 haikutokana na kipimo cha ulevi. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa uainishaji wa mimea, Ernest Small na Arthur Cronquist, waliitumia kugawa makundi ya mmea huu kitaalamu, na baadaye watunga sheria wakaichukua. Ni vizuri mkulima alijue hili, kwa sababu mazao ya watu huteketezwa kwa tofauti ya nukta moja ya desimali.

Je, ni kitu kimoja na katani ya Tanga?

Hapana. Katani ya Tanga ni singa za mkonge, zinazotoka kwenye jani. Nyuzi za hempu ziko kwenye ganda la bua. Tafsiri nyingi huita hempu "katani" na wasomaji huchanganyikiwa.

Naruhusiwa kulima Tanzania au Kenya?

Hapana. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 na ya Tanzania ya mwaka 2015 zinakataza kilimo cha mmea huu, na kusema "hii yangu hailevyi" hakutakuokoa. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 unaacha nje kilimo cha nyuzi na mbegu, lakini kila nchi ina sheria yake. Malawi ilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo chenye leseni mwaka 2020, na Rwanda iliruhusu kilimo cha dawa kwa ajili ya kuuza nje mwaka 2021. Unayesoma ukiwa Ulaya, Kanada au Marekani, anza na leseni kabla hujanunua hata gramu ya mbegu.

"Ubora" wa hempu ni upi hasa?

Inategemea unauza nini. Mnunuzi wa nyuzi anataka nyuzi ndefu, imara, zenye rangi moja na zisizogandwa na vipande vya kiini cha bua. Mnunuzi wa kiini, anayekitumia kutandikia farasi au kuchanganya na chokaa kujengea kuta, anataka vipande vikavu visivyo na vumbi wala kuvu. Mnunuzi wa mbegu anataka punje nzima zisizo na harufu ya mafuta yaliyochacha. Mkaguzi wa serikali anataka namba moja tu, ya THC. Shamba moja linaweza kumfurahisha mmoja na kumkasirisha mwingine.

Kati ya mbegu, mazingira na mkono wa mkulima, kipi kina uzito zaidi?

Swali hili halina jibu moja, na anayekupa jibu moja hajawahi kuuza zao hili kwa wanunuzi wawili tofauti. THC ni suala la mbegu kwa sehemu kubwa sana. Urefu wa bua na wingi wa mavuno hutegemea kama mbegu uliyochagua inapatana na urefu wa mchana wa mahali pako. Rangi na usafi wa nyuzi huamuliwa na mkono wa mkulima baada ya kukata, wakati mmea umeshakufa. Na ladha ya mbegu huamuliwa ndani ya saa chache tu za siku ya kuvuna.

Kwa hiyo, shida inapotokea, kwanza uliza ni ubora upi uliopotea. Tumeona watu wakibadilisha mbegu kila mwaka wakati kosa lao liko kwenye kuanika mabua.

Mbegu inaamuaje kiasi cha THC?

Mmea hutengeneza kwanza kemikali mama iitwayo CBGA. Kuna vimeng'enya viwili vinavyoigombania: kimoja huigeuza kuwa THCA, ambayo ndiyo huja kuwa THC, kingine huigeuza kuwa CBDA, ambayo huja kuwa CBD, kemikali isiyolevya. Mmea uliorithi kimeng'enya cha THCA pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, hutoa bangi ya kulevya. Uliorithi cha CBDA pande zote mbili ni hempu. Uliorithi kimoja kimoja hutoa mchanganyiko, na mchanganyiko huo karibu kila mara huvuka kikomo cha sheria. Ziko pia aina ambazo hazifanyi kazi hiyo ya mwisho kabisa. Santhica 27 ya Ufaransa ni mfano: hubaki na CBG, itokanayo na ile kemikali mama, na THC yake ni karibu sifuri.

Kimeng'enya cha CBDA si kikamilifu. Kinapofanya kazi yake humwaga kidogo cha THCA pembeni, kiasi cha sehemu moja kwa kila sehemu 20 hadi 30 za CBD. Piga hesabu: kwa uwiano wa 25 kwa 1, ua likifikisha CBD asilimia 7.5, THC imeshagonga 0.3. Ndiyo maana aina za nyuzi, zenye CBD ya asilimia moja au mbili, hupita ukaguzi bila jasho, na wanaolima kwa ajili ya CBD huishi na wasiwasi kila wiki inayokaribia mavuno. Hakuna mbolea wala umwagiliaji unaovunja uwiano huo.

Ni kweli kwamba ukame, jua kali au majeraha hupandisha THC ghafla?

Imani hii imeenea sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani waliijaribu kwa kuitesa mimea: waliifurika maji, wakaijeruhi, wakainyunyizia dawa ya magugu, wakaiacha ishambuliwe na ukungu. Uwiano wa CBD kwa THC haukubadilika. Kinachopandisha THC ni muda: ua likizidi kukomaa, kemikali zote hupanda pamoja, THC ikiwemo. Mkulima aliyechelewa wiki mbili kuvuna husema jua limemponza, kumbe ni kalenda.

Kuna hempu dume na jike?

Ndiyo, na ukijua mpapai umeshaelewa nusu ya jambo. Katika aina za asili kama Carmagnola ya Italia au Kompolti ya Hungaria, kuna miti dume na miti jike, karibu nusu kwa nusu. Dume huchanua mapema, humwaga chavua kisha hunyauka na kufa, wakati jike anaendelea kujaza mbegu kwa wiki kadhaa. Matokeo yake ni shamba lenye mabua ya umri mbili: makavu membamba ya dume na mazito ya jike. Kwa kiwanda hilo ni kero, kwa sababu nyuzi zake hazilainiki kwa kasi moja.

Wafaransa walilitatua kwa kuzalisha aina zenye maua ya jinsia zote mbili kwenye mti mmoja: Fedora 17, Felina 32, Futura 75 na nyingine. Namba zilizo kwenye majina hazionyeshi ubora. Shamba la aina hizi hukomaa kwa pamoja, na ukivuna unapata mabua na mbegu kwa mkupuo.

Naweza kuweka mbegu zangu za msimu ujao?

Usifanye hivyo. Tabia ya kuwa na jinsia mbili kwenye mti mmoja hulegea haraka bila uangalizi wa wazalishaji, na baada ya vizazi vichache madume hurudi. Pia chavua ya hempu husafiri na upepo kwa kilomita nyingi, hivyo hujui mbegu yako imeolewa na nani. Inaweza kuwa imeolewa na bangi ya kulevya iliyojificha bondeni, na msimu ujao sehemu ya shamba lako ikavuka kikomo. Katika Umoja wa Ulaya mkulima wa hempu hatakiwi kupanda mbegu isiyothibitishwa kama anataka ruzuku, na vibandiko vya mifuko ya mbegu ni sehemu ya ushahidi wake. Vihifadhi.

Umri wa mbegu nao una maana. Mbegu ya hempu ina mafuta mengi, na mafuta huchacha. Mbegu ya miaka miwili iliyokaa stoo yenye joto inaweza kuota nusu tu. Pima: weka mbegu 100 kwenye kitambaa kibichi, na baada ya siku saba hesabu zilizoota.

Kwa nini mbegu za Ulaya zikipandwa karibu na ikweta huchanua zikiwa zimefika magotini?

Hili ndilo jambo linalowaumiza wengi wanaoleta hempu katika nchi za joto.

Hempu husoma saa kwa kupima urefu wa usiku. Aina nyingi za Ulaya hubaki kukuza bua mchana ukiwa mrefu, na huanza kuchanua mchana unaposhuka hadi karibu saa 14 au chini yake. Mjini Troyes, mkoa wa Aube, kitovu cha hempu ya Ufaransa, mchana wa Juni una saa 16. Mbegu iliyopandwa mwishoni mwa Aprili hupata miezi ya kurefuka tu, na kufikia Agosti bua lina mita mbili hadi tatu.

Sasa ichukue mbegu hiyohiyo uipeleke Kampala au Kigali. Pale mchana una saa 12 na dakika chache mwaka mzima, masika na kiangazi. Hata Lilongwe, iliyo kusini zaidi, mchana mrefu kabisa wa Desemba haufiki saa 13. Mmea ukishamaliza utoto wake wa wiki chache husoma saa na kuamini kwamba vuli ya Ulaya imefika. Huacha kurefuka, huchanua, na bua hubaki la kuwashia moto. Mbolea haisaidii. Maji hayasaidii. Udongo wa volkano hausaidii. Mkulima atalaumiwa kwa uvivu, na kosa ni la aliyechagua mbegu.

Njia iliyopo ni kutafuta aina zilizozaliwa karibu na ikweta, au walau katika latitudo za chini kama zile za mkoa wa Yunnan nchini China, ulio kwenye nyuzi 25 hivi kaskazini. Hizo huvumilia mchana mfupi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchanua. Kuwasha taa shambani kwa ajili ya nyuzi ni gharama isiyorudi.

Ukigeuza safari, kosa nalo hugeuka. Aina ya kusini ikipelekwa kaskazini sana hurefuka kama mnara lakini baridi huiua kabla mbegu hazijakomaa. Kwa nyuzi si hasara, kwa mbegu ni hasara tupu. Ndiyo sababu Wafini walizalisha Finola, aina fupi isiyojali sana urefu wa mchana, inayokomaza mbegu ndani ya kiangazi chao kifupi.

Udongo upi unafaa?

Tifutifu wenye kina, usiotuamisha maji, wenye pH kati ya 6 na 7.5. Mzizi mkuu wa hempu unataka kushuka moja kwa moja. Ukikutana na tabaka gumu lililoshindiliwa na trekta hupinda kama herufi L, na mmea hubaki mfupi hata juu pakiwa na rutuba. Chimba shimo la sentimita 40 kabla ya msimu, uone mwenyewe kama kuna tabaka hilo.

Mche mchanga hauvumilii maji yaliyotuama. Siku mbili tatu za dimbwi katika wiki tatu za kwanza zinatosha kuacha viraka vya njano visivyopona msimu mzima. Vilevile epuka udongo wenye sumu za viwandani: hempu hufyonza kadmiamu, risasi na nikeli. Sifa hiyo iliwafanya wanasayansi waipande karibu na Chernobyl mwishoni mwa miaka ya 1990 kujaribu kusafisha ardhi, na sifa hiyohiyo hufanya mbegu kutoka udongo mchafu zisifae kuliwa.

Nipande mbegu kiasi gani, na kwa kina gani?

Kina ni sentimita 2 hadi 3, kwenye udongo laini wenye unyevu, ukiwa umefika joto la nyuzi 8 hadi 10 kwa nchi za baridi. Ikizidi sentimita 4 mche huishiwa nguvu njiani. Nafasi ya mistari ni sentimita 12 hadi 20.

Kwa nyuzi, kilo 40 hadi 60 kwa hekta. Kwa mbegu, kilo 20 hadi 30. Tofauti hiyo ina sababu. Kilo 50 za mbegu zenye uzito wa gramu 18 kwa kila punje elfu ni punje milioni 2.8, yaani karibu 280 kwa kila mita ya mraba. Baadhi hazitaota, na nyingine zitasongwa na wenzao zife, na mwishoni utabaki na mimea 100 hadi 200. Msongamano huo ndio unaotengeneza nyuzi: kila mmea hukimbilia mwanga bila kutoa matawi, bua hubaki jembamba kama penseli na nyuzi hunyooka bila kukatwa na vifundo. Ukipanda kwa nafasi kubwa, mmea hutoa matawi, bua hunenepa kama mpini wa jembe, nyuzi huwa fupi na ngumu, lakini mbegu huwa nyingi.

Ukizidisha nako kuna adhabu yake. Zaidi ya kilo 70, mimea mingi hufa katikati ya msimu, na iliyobaki huwa myembamba kiasi cha kulala kwa upepo wa kwanza. Kabla ya kuingia shambani, rekebisha kwa uotaji: mbegu inayoota asilimia 75 inahitaji nyongeza ya theluthi moja ili upate miche uliyoikusudia.

Mbolea je?

Naitrojeni kilo 80 hadi 120 kwa hekta, ukitoa ile ambayo tayari iko kwenye udongo. Kilo 100 za naitrojeni ni sawa na kilo 217 za urea, au mifuko minne ya kilo 50 na kidogo juu yake. Fosforasi na potasiamu zifuate kipimo cha udongo.

Kosa la kawaida ni kupenda kijani kibichi. Naitrojeni ikizidi, bua hurefuka haraka kuliko kuta za nyuzi zinavyonenepa; unapata bua kubwa lenye nyuzi dhaifu, na mvua ya upepo ikipita shamba lote hulala. Kwa jicho shamba kama hilo linapendeza kuliko yote, lakini kiwandani ni la mwisho.

Linahitaji maji kiasi gani?

Milimita 500 hadi 700 kwa msimu. Nusu ya hizo zinahitajika wakati bua linarefuka, na kiu ya wakati huo haifidiwi baadaye. Kwa shamba la mbegu, kiu wakati wa kujaza punje hukuachia makapi.

Magugu na magonjwa?

Shamba la nyuzi lililoota sawasawa hufunga kivuli ndani ya wiki nne hadi sita na kuyaua magugu lenyewe. Pakiwa na viraka, magugu hushinda hapo na huko kwingine hayaoni nafasi, kwa hiyo magugu mengi ni dalili ya upandaji mbaya.

Magonjwa mawili ya kuyachunga ni ukungu wa kijivu, ambao hula vichwa vya maua wakati wa mvua, na kuoza kwa bua kunakosababishwa na kuvu wa Sclerotinia. Huyu wa pili huacha vinundu vyeusi ndani ya bua na hukaa ardhini miaka. Hula pia alizeti, maharage na soya, kwa hiyo usipishanishe hempu na mazao hayo. Ipishanishe na ngano, shayiri au mahindi. Ufaransa ina adui wa tatu, gugu nyonyaji liitwalo Phelipanche ramosa, linalojishika kwenye mizizi. Anayemjua kiduha wa mahindi anajua namna yake.

Nikate lini kwa ajili ya nyuzi?

Chavua inapoanza kumwagika, kabla mbegu hazijaingia. Siku hizo nyuzi zimeshanenepa na bado hazijawa mti. Ukisubiri wiki tatu zaidi uzito utaongezeka kidogo, lakini nyuzi hukakamaa na kuwa kama za kamba ya ng'ombe. Wanaotaka nyuzi na mbegu kwa pamoja hukubali hasara hiyo kwa makusudi, kwa kuwa viwanda vya karatasi na vya vizuizi vya joto havihitaji ulaini wa nguo.

Kuvundika mabua ni nini, na kwa nini watu hushindwa hapa?

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nyuzi zimegandishwa kwenye bua kwa gundi ya asili iitwayo pektini. Ili ziachie, lazima vijidudu viile gundi hiyo bila kuzila nyuzi zenyewe. Watu wa pwani wanaijua kanuni hii kwa makumbi ya nazi: hufukiwa kwenye matope ya bahari mpaka yalainike, ndipo yapondwe kutoa usumba. Kwa hempu, njia ya zamani ya Italia ilikuwa kuloweka kwenye mabwawa. Ilitoa nyuzi nzuri sana, ikanukisha vijiji na kuua samaki mitoni. Leo Ulaya huacha kazi hiyo ifanywe na umande.

Mabua hukatwa na kulazwa shambani kwa safu nyembamba. Usiku umande hulowesha, mchana jua hukausha, na kuvu hufanya kazi katikati. Huchukua wiki mbili hadi tano. Upande unaogusa ardhi huiva haraka, wa juu huchelewa. Lazima safu igeuzwe, angalau mara moja katikati ya muda. Asiyegeuza huvuna nyuzi za aina mbili kwenye bua moja, na hakuna mashine inayozitenganisha.

Rangi huanza kijani, hugeuka njano, kisha kijivu cha fedha chenye vidoa vyeusi vidogo. Usitegemee rangi peke yake. Kila asubuhi chukua mabua kumi kutoka sehemu tofauti, yavunje katikati, uvute ganda. Likichanika vipande vifupi na kiini kimeng'ang'ania, bado. Likitoka kama utepe mrefu na kiini kikadondoka chenyewe, umefika, na una siku chache tu. Ukiuzungusha utepe kidoleni ukakatika kirahisi, umepitiliza: vijidudu vimemaliza gundi na sasa vinakula nyuzi.

Hali ya hewa ina neno lake. Kukiwa na ukavu mfululizo, kuvu hawafanyi kazi na mabua hubaki kijani. Kukiwa na mvua ya wiki nzima, huoza. Mkulima mwenye uzoefu hukata kwa awamu, siku tano au sita kati ya awamu na awamu, ili mvua moja isimharibie shamba zima.

Funga marobota unyevu ukiwa asilimia 15 au chini. Robota la asilimia 20 huota kuvu ndani ambako huoni, na utaligundua kwa harufu wakati limeshalipiwa usafiri. Kati ya mabua makavu, nyuzi ni kama asilimia 25 hadi 30. Kiini ni zaidi ya nusu, kilichobaki ni vumbi.

Na mbegu za chakula, zinavunwaje?

Asilimia 70 hivi ya punje zikishakuwa ngumu na za kahawia. Ukisubiri za juu zikomae zote, za chini zitakuwa zimepukutika na ndege wamekula sehemu yao. Inua kisu cha mashine kikate vichwa tu. Mabua marefu hujizungusha kwenye mihimili, msuguano hupata moto, na mashine za kuvunia zimewahi kuungua kwa sababu hii. Simama mara kwa mara ukate nyuzi zilizojizonga.

Punje huingia gunia zikiwa na unyevu wa asilimia 15 hadi 20 na hupata joto upesi. Zianze kupulizwa hewa ndani ya saa nne. Zikaushe kwa hewa yenye joto lisilozidi nyuzi 40 za Selsiasi hadi zifike asilimia 9 au chini. Mbegu ina mafuta asilimia 30 hadi 35, mengi yake ni omega-6 na omega-3, yaani mafuta yanayochacha kwa urahisi kuliko mengi. Ganda likipasuka kwa sababu ngoma ya mashine inazunguka kasi, hewa huingia na uchachu huanza siku hiyohiyo. Mavuno ya kawaida ni kilo 500 hadi 1,000 kwa hekta.

Ukaguzi wa THC hufanywaje?

Ulaya hukata kipande cha juu cha sentimita 30 chenye ua jike, kutoka mimea 50, kati ya siku 20 baada ya kuanza kuchanua na siku 10 baada ya kumaliza. Marekani hukata sentimita 13 hadi 20 za juu, ndani ya siku 30 kabla ya mavuno, na huhesabu THC yote: ile iliyopo pamoja na THCA mara 0.877. Mkulima anayesoma THC peke yake kwenye cheti cha maabara hujidanganya. Jumlisha mwenyewe.

Nikipewa robota lenye kasoro, nitajuaje kosa lilitokea wapi?

Nyuzi fupi zenye vifundo vingi na mabua manene: mbegu chache kwa hekta. Mabua mafupi yote kwa usawa, yenye vichwa vilivyokomaa: mbegu haikupatana na urefu wa mchana. Mafupi kwa viraka: ardhi iliyoshindiliwa au maji yaliyotuama. Nyuzi ndefu zinazokatika ovyo lakini bado zina kijani: naitrojeni nyingi. Zinazokatika na ni nyeusi: zimevunda kupita kiasi. Nusu fedha nusu kijani kwenye bua lilelile: safu haikugeuzwa. Ngumu kama waya na kuna maganda ya mbegu ndani: alichelewa kukata. Rangi nzuri nje na harufu ya kuvu katikati: lilifungwa bichi. Mabua membamba makavu yakichanganyika na mazito, katika aina inayosemekana kuwa na jinsia mbili: mwombe kibandiko cha mfuko wa mbegu.